Lishe ya mishipani ikileta matatizo: muuguzi aanzie wapi

Lishe ya mishipani, yaani chakula cha majimaji kinachopitishwa kwenye mshipa wa damu, haipo kila siku katika wodi zetu za Dar es Salaam. Anayeihitaji ni yule ambaye utumbo wake haufanyi kazi au haufikiki: aliyetoboka utumbo kwa taifodi na jeraha la tumbo likafumuka, mwenye fistula (tundu la utumbo lililotokeza nje) inayomwaga maji kutwa kucha, mwenye saratani ya koo la chakula ambaye hata mate hayapiti, kichanga aliyezaliwa utumbo ukiwa nje ya tumbo. Muuguzi anaweza kukaa miezi bila kuushika ule mfuko mweupe, halafu saa nane za usiku akajikuta peke yake nao, pampu inalia na mgonjwa analowa jasho.

Namwandikia muuguzi huyo. Nafuata dalili kama zinavyojitokeza kitandani. Maagizo ya daktari na mwongozo wa hospitali yako vinatangulia. Mimi nazungumzia kile ambacho jicho na mkono wako vifanye kabla daktari hajafika.

Naamini kwamba matatizo mengi ya lishe hii hayatoki kwenye mfuko. Yanatoka kwenye mikono yetu tunapoigusa laini, ule mpira unaoipeleka lishe mwilini: tunapopitishia dawa nyingine, tunapoongeza kasi ili kufidia muda uliopotea, tunapoikatisha lishe ghafla. Kwa hiyo, dalili yoyote itakayokuja, mwangalie mgonjwa na umpime sukari, kisha fuata laini kwa vidole kuanzia kwenye mfuko hadi inapoingia mwilini, kisha ndipo uukague mfuko wenyewe. Kengele ya pampu inaweza kusubiri nusu dakika.

Anatokwa jasho, anatetemeka, hajielewi

Pima sukari kabla ya kumwita mtu yeyote. Jasho, kutetemeka, mapigo ya haraka na kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka, lakini ni dalili za maambukizi ya damu pia. Kwa macho hutazitofautisha. Tone moja la damu litakuambia.

Ikiwa chini ya 4 mmol/L, tafuta mahali lishe iliposimama. Mfuko umeisha na mwingine haujaja kutoka famasi. Mgonjwa alipelekwa eksirei, laini ikafungwa, na aliyemrudisha hakuifungua. Mpira umekunjika chini ya ubavu. Umeme ulikatika na betri ya pampu ilikuwa imechoka zamani. Mwili uliozoea kupokea glukosi saa 24 unatoa insulini ya kutosha kuimudu. Glukosi ikikatika, insulini haikatiki papo hapo.

Ipo hali ya hatari zaidi, nayo ni mgonjwa mwenye pampu mbili: ya lishe imesimama, ya insulini inaendelea. Lishe ikisimama kwa sababu yoyote ile, simamisha insulini dakika hiyo hiyo na umwarifu daktari, hasa kama mgonjwa ana kisukari cha aina ya kwanza, maana huyo naye hawezi kuachwa bila insulini kwa muda mrefu.

Kwa mtu mzima asiyeweza kumeza, mililita 50 za glukosi ya asilimia 50 zinampa gramu 25. Zipitishe polepole kwenye mshipa mzuri, kwa sababu zikivuja zinaunguza nyama. Ukiwa na glukosi ya asilimia 10, mililita 150 hadi 200 kwa dakika 15 zinafanya kazi hiyo hiyo bila kuuumiza mshipa. Kwa mtoto dozi hupigwa kwa kilo zake, na hutumika ya asilimia 10, siyo ya 50. Pima tena baada ya dakika 15.

Mfuko ukiisha na mwingine haupo, tundika glukosi ya asilimia 10 kwa kasi ile ile ya lishe. Chupa moja ya glukosi hiyo ikae kwenye kabati la kitanda kile tangu siku ya kwanza, isiwe ya kwenda kuombwa wodi ya jirani usiku. Na siku daktari anapoagiza lishe iachwe, punguza kasi hadi nusu kwa saa moja au mbili kabla ya kufunga.

Sukari imepita 10

Kwanza hakikisha namba ni ya kweli. Mgonjwa hali chakula, lakini kidole chake huenda kimeshika embe alilokuwa akimmenyea mjukuu. Nawisha kidole kwa maji, kausha, toboa kingine, na usichukue damu kwenye mkono wenye dripu. Ikiwa vipande vya kupimia vimenunuliwa na ndugu mtaani, angalia tarehe ya kuisha na kama vinaendana na mashine yako.

Namba ikithibitika, angalia kasi. Saa ngapi mfuko ulianza, kiasi gani kimebaki, je vinalingana? Pale ambapo hakuna pampu na tunahesabu matone, mara nyingi kasi imebadilishwa na mtu mwenye nia njema.

“Sista, nilimfungulia kidogo tu, baba hajala wiki nzima.”

Usimfokee. Mwambie taratibu: “Mama, hii siyo dripu ya maji. Ni chakula kinachoingia kwenye damu moja kwa moja. Tukikiharakisha, sukari inapanda na moyo wake unaelemewa. Ukiona matone yamesimama, niite mimi.” Maneno haya yasemwe siku mfuko wa kwanza unapotundikwa, kwa kila ndugu anayelala na mgonjwa, kwa sababu wanabadilishana na aliyeelezwa jana huenda leo hayupo.

Nasi wauguzi tuna kosa letu linalofanana na la huyo mama. Lishe imechelewa saa tatu, tunaongeza kasi ili mfuko umalizike kabla ya kukabidhi zamu. Muda uliopotea haufidiwi. Endelea na kasi iliyoagizwa, andika kwenye chati kwamba lishe ilisimama na kwa nini, na saa ya mfuko unaofuata isogezwe mbele.

Kwa hesabu ya matone: seti (mipira ya dripu) ya matone 20 kwa mililita, gawa mililita za saa kwa 3. Lita 2 kwa saa 24 ni karibu mililita 83 kwa saa, yaani matone 28 kwa dakika. Ila lishe yenye mafuta haidondoki sawasawa na maji, matone yake hutofautiana kwa ukubwa, kwa hiyo kuhesabu matone peke yake hakutoshi. Bandika utepe wa plasta ubavuni mwa mfuko, uandike saa kwenye kila alama, na upite kila saa kuona kama kina kimefika pale kinapopaswa kuwa. Wodi yenye pampu moja tu, pampu hiyo ni ya mgonjwa wa lishe.

Kasi ikiwa sahihi, angalia kama ameanzishiwa deksamethasoni au steroidi nyingine, maana hupandisha sukari. Kisha fikiria maambukizi. Mgonjwa aliyekaa siku kadhaa na sukari nzuri kwa mfuko ule ule, kasi ile ile, halafu asubuhi moja amefika 15, anakuambia kitu hata kama kipimajoto bado kinasoma 37. Na akiwa anakojoa sana, ulimi umekauka, anasinzia, hiyo ni dharura, siyo ya kusubiri raundi.

Usidunge insulini ndani ya mfuko kitandani. Itolewe kwa njia yake, kwa agizo.

Homa na kutetemeka kwa baridi

Hapa tunapoteza muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Mgonjwa anapata 38.5, tunapima malaria, tunampa paracetamol, tunamfunika shuka, na laini inaendelea kumwaga vijidudu kwenye damu. Pima malaria, ni sawa kabisa, tuko Dar es Salaam. Lakini mgonjwa mwenye katheta (mpira mwembamba uliopitishwa hadi ndani ya mshipa mkubwa) akipata homa, katheta ni mshukiwa hadi itakapoondolewa shaka, na kipimo cha malaria kisicheleweshe kalcha ya damu, yaani kuotesha vijidudu vya damu maabara.

Angalia homa inakuja lini. Ikipanda na mtetemo muda mfupi baada ya kufungua lishe au kuisafisha laini kwa maji ya chumvi, ushahidi unaelekea kwenye laini. Tazama pia ngozi inapoingilia: wekundu, usaha, maumivu ukibonyeza. Ila usitulie ukikuta pasafi. Damu inaweza kuwa imejaa vijidudu na tundu la katheta likawa zuri kama lilivyofungwa jana.

Simamisha lishe, weka glukosi ya asilimia 10 kwenye mshipa wa pembeni kulinda sukari, mwite daktari. Kalcha zichukuliwe kabla ya antibayotiki, chupa moja kutoka kwenye katheta na nyingine kwenye mshipa wa mkono, ujazo sawa, dakika zile zile, kila chupa iandikwe ilikotoka. Ile ya katheta ikiota kwa saa 2 au zaidi kabla ya ile ya mkono, chanzo ni katheta. Chupa zisizoandikwa zilikotoka zinaua faida yote ya kipimo hiki. Usichomoe katheta kwa uamuzi wako, na usitupe mfuko wala seti, maabara au mfamasia anaweza kuvihitaji.

Homa inayokuja ndani ya nusu saa ya kwanza ya mfuko wa kwanza kabisa, ikiambatana na maumivu ya mgongo, kifua kubana au vipele, inaweza kuwa mwili unakataa mafuta yaliyomo. Mafuta hayo mara nyingi hutokana na soya na hushikanishwa na kiini cha yai, mengine yana mafuta ya samaki. Swali la “yai linakudhuru?” liulizwe kabla ya kutundika. Ikitokea, funga mara moja.

Ulinzi wenyewe ni wa mikono. Nawa. Sugua mdomo wa laini kwa pamba ya spiriti au klorheksidini kwa sekunde 15 kamili, uuache ukauke, ndipo uunganishe. Seti ya lishe yenye mafuta ibadilishwe kila baada ya saa 24, pamoja na mfuko. Plasta ya uwazi inaweza kukaa hadi siku 7, ya gozi siku 2, lakini joto letu halijui ratiba hizo: kati ya Desemba na Machi jasho linabandua plasta ya shingoni kabla ya siku ya tatu. Ukiona pembe imeinuka au unyevu chini yake, badilisha leo leo. Kuibandika plasta nyingine juu ya iliyobanduka ni kufungia uchafu ndani.

Na katika katheta yenye njia kadhaa, chagua moja iwe ya lishe peke yake. Iandike kwa maandishi makubwa. Damu ya maabara isichukuliwe hapo, dawa isipite hapo, hata kama mikono yote miwili haina mshipa na daktari ana haraka.

Siku za mwanzo: anavimba, anadhoofika, moyo unaenda ovyo

Mgonjwa aliyekaa siku nyingi bila kula anapolishwa ghafla, seli zake zinavuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu ili zitumie ile sukari. Viwango vinaporomoka. Anaanza kulegea, pumzi inakuwa fupi, miguu inavimba, mapigo yanakosa mpangilio, wengine wanachanganyikiwa au kupata degedege. Mara nyingi hutokea ndani ya siku tano za kwanza, na hasa zile tatu za mwanzo. Familia inashangaa: alikuwa anazungumza alipokuwa hali chakula, sasa analishwa anazidiwa.

Wa kuogopewa ni aliyekonda sana, aliyekaa siku tano na zaidi karibu bila chakula, mlevi wa muda mrefu, mwenye saratani ya koo la chakula aliyefika hospitali akiwa mifupa. Hawa huanzishwa kidogo, kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na aliyedhoofika kupindukia 5, kisha wanapandishwa taratibu kwa siku kadhaa. Vitamini B1 itangulie glukosi. Ukiona mgonjwa wa namna hii ameandikiwa mfuko mzima tangu siku ya kwanza na hakuna vitamini B1 kwenye chati, uliza. Kuuliza ni kazi yako, na daktari mzuri atakushukuru.

Dalili zikianza: mwite daktari upunguzaji wa kasi uamuliwe, damu ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu iende maabara, na mgonjwa aunganishwe na mashine ya kuangalia moyo kama ipo. Fosfeti ndiyo inayosahaulika kwenye fomu. Iandike.

Anahema ghafla

Muulize aliyekuwepo ni nini kilifanyika dakika chache zilizopita. Kama katheta imewekwa leo kifuani au shingoni, huenda pafu limetobolewa. Ndiyo maana lishe haianzi mpaka eksirei ithibitishe ncha ya katheta ilipo. Kama laini ilikuwa imefunguliwa wakati wa kubadilisha seti, hewa imeingia: ibane laini, mlaze ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini, mpe oksijeni, piga kelele ya msaada. Ili isitokee, alale chali na laini ibanwe kila inapofunguliwa.

Ikiwa imekuja taratibu tangu jana na uzito umepanda kilo nzima kwa siku moja, hayo ni maji, hakuna nyama inayoota kwa kasi hiyo. Jumlisha kila kinachoingia, pamoja na maji ya antibayotiki.

Kuna sababu nyingine ambayo haionekani. Mwaka 1994 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa wawili kufariki na wengine kupata shida ya kupumua kwa sababu ya chembe za kalsiamu na fosfeti zilizoganda ndani ya lishe. Ndani ya mchanganyiko mweupe chembe hizo huzioni hata ukishika tochi. Chujio la mikroni 1.2 kwenye laini ndilo linalozizuia.

Lishe haiendi, pampu inalia

Kibano cha laini kimefungwa, mpira umekunjika, mgonjwa amelalia mkono. Mwombe ageuze shingo, ainue mkono, akohoe. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, jaribu kuvuta damu kwa bomba la sindano la mililita 10, kisha sukuma maji ya chumvi kwa upole. Bomba dogo linatoa msukumo mkali unaoweza kupasua katheta. Ikikataa, acha. Damu iliyoganda ukiisukuma kwa nguvu inakwenda kwenye pafu.

Chujio likiziba, usiliondoe ili “iende kwanza”. Limeziba kwa sababu limekamata kitu. Badilisha mfuko na seti, mwite mfamasia.

Uliza pia dawa gani imepita. Seftriaksoni, ambayo tunaitumia kila siku, hugandana na kalsiamu iliyomo kwenye lishe. Zisikutane kwenye laini moja hata kidogo, na kwa kichanga wa siku 28 au chini ya hapo anayepata lishe yenye kalsiamu, seftriaksoni haitumiki kabisa.

Mkono unauma au umevimba

Kama ni kanula ya pembeni (mpira mfupi wa dripu mkononi), funga, vuta kilichobaki, toa kanula, inua mkono, chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu ili zamu inayofuata ione kama unapanuka. Mfuko ambao ukolezi wake unapita miliosmoli 900 kwa lita si wa mshipa wa pembeni, soma lebo. Kama katheta ni ya mshipa mkubwa na mkono wote, shingo au uso wa upande huo umevimba, fikiria damu kuganda, na ultrasaundi iombwe.

Mfuko wenyewe

Ule wa vyumba vitatu una viwili vyenye maji maangavu kama ya chupa na kimoja cheupe kama maziwa. Ukiukuta umetundikwa na bado una mistari ya kutenganisha, haujavunjwa kuta zake, na mgonjwa anapata sehemu tu ya chakula. Ulaze mezani, ukunje kuanzia upande wa kushikia hadi kuta zote zifunguke, ugeuze mara kadhaa polepole.

Utando wa krimu juu ukipotea ukiugeuza taratibu, hauna shida. Matone ya mafuta ya njano yanayoelea, au duara la mafuta linaloganda ubavuni, mafuta yamejitenga na mfuko umeharibika: usitundike, na kama umeanza, simamisha. Njano hafifu ya mchanganyiko mzima baada ya kuongezwa vitamini ni kawaida.

Mifuko mingi hutakiwa kutunzwa bila kuzidi nyuzi 25, na mchana wa Dar unapita 30. Ndugu akileta alioununua mwenyewe, muulize umetoka duka gani na umesafirije. Uliokaa saa kadhaa ndani ya gari lililoegeshwa juani, au uliogandishwa kwenye friza la nyumbani kwa kuogopa usiharibike, usitumike bila mfamasia kuuona. Usiupashe kwa maji ya moto. Ukishachanganywa na kutundikwa, saa 24 zikitimia ushushwe hata kama umebaki robo.

Macho ya njano, na njaa

Manjano huja kwa wanaolishwa hivi kwa wiki nyingi. Ripoti mapema, daktari apitie kiasi cha sukari na mafuta, na aangalie kama utumbo unaweza kupewa hata vijiko vichache vya uji au maziwa.

Njaa nayo ni dalili. Mfuko unalisha damu, haujazi tumbo, na mgonjwa anayenusa pilau ya kitanda cha pili anateseka kweli. Mswaki, maji ya kusukutua, mafuta ya midomo, na kitanda chake kisogezwe mbali wakati wa chakula.

Unapompigia daktari usiku

Uwe na namba mkononi kabla hajapokea: sukari, joto, mapigo, presha, oksijeni. Sema hivi: “Daktari, mgonjwa wa kitanda cha nne yuko siku ya pili ya lishe ya mishipani. Ametetemeka dakika 20 baada ya kubadilisha mfuko, joto 39, sukari 13, mapigo 124. Nimesimamisha lishe, ana glukosi ya asilimia 10 mkononi, chupa za kalcha ninazo hapa. Nianze kuchukua damu?” Kisha andika kwenye faili saa uliyopiga, alichojibu, na saa uliyotekeleza.